Majeruhi wa Miaka 16 na Swali la Kilevi

Idara ya dharura ya Hospitali ya KCMC, Moshi, imefanyiwa utafiti unaostahili kujulikana nje ya duru za madaktari. Chini ya mpango uliojaribiwa, majeruhi mwenye unywaji wa hatari hupewa mazungumzo mafupi na muuguzi aliyefundishwa, yanayomsaidia kupima mwenyewe uhusiano wa pombe na jeraha lake. Mpango huo umepewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na kabla yake dodoso la unywaji pombe la Shirika la Afya Duniani, AUDIT, lilijaribiwa kwa Kiswahili kwa wagonjwa wa hapohapo. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Ila walengwa wake ni watu wazima, wenye miaka 18 na kuendelea. Kijana wa miaka 16 aliyevunjika mguu kwenye bodaboda hutibiwa mguu, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Nadai kwamba hospitali zetu zimuulize kila majeruhi wa miaka 12 hadi 17 kuhusu vilevi, zimuulize kwa maneno badala ya kukimbilia damu na mkojo, na jibu lake libaki mikononi mwa wanaomtibu.

Nasisitiza neno “kila”. Marekani, ambako vituo vikubwa vya majeruhi vinatakiwa na Chama cha Madaktari wa Upasuaji kuchunguza unywaji wa wagonjwa wao, takwimu za 2017 hadi 2020 zimeonyesha kuwa vijana weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wa jamii za asili hupimwa pombe zaidi kuliko wazungu, na wasio na bima binafsi zaidi ya walio nayo. Panapoachwa nafasi ya kuchagua, chuki ya zamani ndiyo inayochagua. Kwetu atapimwa kijana wa kijiweni mwenye rasta. Aliyeletwa na sare ya shule ya bweni atapewa pole.

Wapo watakaosema ushahidi hautoshi, na si hoja ya kupuuzwa. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilitamka hivyo mwaka 2018 kuhusu pombe kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, na mwaka 2020 kuhusu dawa za kulevya. Lakini jopo lilizungumzia huduma za kawaida za afya ya msingi, si kijana ambaye jeraha limekwisha kumfikisha hospitalini. Kwa huyo tuna dalili njema. Mwaka 1999 Peter Monti na wenzake, Rhode Island, walizungumza na vijana wa miaka 18 na 19 waliofika idara ya dharura kwa matukio yanayohusiana na pombe. Miezi sita baadaye, waliopewa mazungumzo na wasiopewa walikuwa wamepunguza kunywa. Tofauti ilikuwa kwenye hatari, kwani waliopewa mazungumzo waliendesha gari wakiwa wamelewa mara chache zaidi na kuumia kwa sababu ya pombe mara chache zaidi. Huko Flint, Michigan, utafiti kama huo uliochapishwa mwaka 2010 ulipata nafuu katika ugomvi na madhara ya pombe kwa wenye miaka 14 hadi 18.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nani anasikia. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya uji, nesi anauliza, “Mdogo wangu, ulikuwa umekunywa?” Kijana anamtazama mama, anajibu, “Hapana, sista.” Hapo swali limeulizwa na halikuulizwa. Mama aombwe kwa heshima kupisha kidogo, kama anavyopisha wakati wa kubadilisha bandeji. Kisha kuna PF3. Majeruhi wa ajali au kipigo huandamana na fomu hiyo ya polisi, na daktari ndiye anayeijaza. Kijana anayejua kuwa karatasi moja ya hospitali itarudi kituoni hawezi kuamini kwamba nyingine haitakwenda. Majibu yake yaandikwe pengine, na aambiwe hivyo kabla ya swali la kwanza.

Rufaa nayo ni finyu. Kliniki za methadoni, kuanzia ile ya Muhimbili ya mwaka 2011, ziliundwa kwa watumiaji wa heroini, si kwa mwanafunzi wa kidato cha pili anayekunywa mwisho wa wiki. Ndiyo maana mazungumzo ya wodini yapewe uzito wa tiba kamili.

Wala dodoso la watu wazima lisiteremshwe tu kwa watoto. CRAFFT, lililobuniwa Boston kwa ajili ya vijana, huuliza iwapo umewahi kupanda gari linaloendeshwa na aliyetumia kilevi, ukiwemo wewe mwenyewe, na swali hilo huulizwa hata asiyetumia kilevi chochote. Kwetu gari hilo ni pikipiki. Binti asiyewahi kuonja pombe atajibu ndiyo, na mazungumzo yake na muuguzi yatahusu dereva wa kila jioni, nauli, na nani mwingine anaweza kumrudisha nyumbani.