Masomo ya Uzamili katika Elimu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutuma Maombi

Kila mwaka vyuo vikuu nchini hutangaza nafasi za masomo ya uzamili katika fani ya elimu. Walimu wa shule za msingi na sekondari, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, maofisa elimu na wahitimu wa fani nyingine wanaotaka kuingia katika ualimu ndio walengwa wakuu wa nafasi hizo. Wengi wao ni watu walio kazini, wenye familia na wanaojilipia ada. Ombi lililoandaliwa vibaya humgharimu mwombaji mwaka mzima wa kusubiri. Chuo au programu isiyotambuliwa humgharimu zaidi, kwa kuwa tuzo atakayoipata haitamsaidia mbele ya mwajiri. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwombaji anapaswa kuzifuata, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea.

Kutambua aina ya tuzo inayofaa

Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, shahada ya kwanza ipo katika ngazi ya 8, shahada ya uzamili ngazi ya 9 na shahada ya uzamivu ngazi ya 10. Pamoja na hizo ipo Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo mara nyingi huchanganywa na shahada ya uzamili ingawa makusudio yake ni tofauti.

Stashahada hiyo imekusudiwa hasa kwa mtu mwenye shahada ya kwanza isiyo ya ualimu, kwa mfano ya sayansi, uhandisi, lugha au uchumi, anayehitaji taaluma ya ufundishaji. Humpatia mafunzo ya saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji na tathmini, pamoja na mazoezi ya kufundisha darasani. Mhitimu mwenye shahada ya kwanza ya ualimu hana haja ya kuanzia hapo iwapo alama zake zinamruhusu kuomba uzamili moja kwa moja.

Shahada ya uzamili katika elimu huendeleza utaalamu katika eneo mahususi. Maeneo yanayofundishwa katika vyuo vya hapa nchini ni pamoja na uongozi na usimamizi wa elimu, mipango na sera, mitaala na ufundishaji, saikolojia ya elimu, elimu maalumu, elimu ya watu wazima na ufundishaji wa sayansi. Programu nyingi za aina hii hupokea wenye shahada ya kwanza ya ualimu au wenye shahada nyingine walioongeza Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Mwombaji ambaye hakusomea ualimu asome kwa makini kifungu cha sifa kabla ya kulipa ada ya maombi, kwa sababu hicho ndicho kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa.

Kuhakiki chuo na programu

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha vyuo vikuu na programu zake kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Mwombaji anapaswa kuhakiki mambo mawili yaliyo tofauti: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba programu anayoiomba imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali huku programu mpya inayotangazwa ikiwa bado haijapata idhini. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa hutolewa na TCU katika tovuti yake, na ofisi za Tume hupokea maswali ya wananchi.

Miongoni mwa vyuo vya umma vinavyotoa masomo ya elimu ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na vyuo vyake vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam na Mkwawa mkoani Iringa, Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, hufundisha kwa njia ya masafa na kina vituo mikoani. Kwa sababu hiyo, kimekuwa kimbilio la walimu wasioweza kuondoka katika vituo vyao vya kazi.

Sifa za kujiunga

Kwa kawaida vyuo huhitaji mwombaji wa shahada ya uzamili awe na shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 katika kipimo cha 5, yaani kiwango ambapo daraja la pili la chini huanzia. Mwenye daraja la kupita, ambalo ni GPA ya kuanzia 2.0 hadi 2.6, asikate tamaa wala asijaribu kuficha matokeo yake. Baadhi ya vyuo humfikiria iwapo ana stashahada ya uzamili yenye matokeo mazuri au uzoefu wa kazi unaothibitika. Masharti hayo hutofautiana kati ya chuo na chuo, na yanayozingatiwa ni yale yaliyo katika tangazo la mwaka husika.

Kwa shahada ya uzamivu, mwombaji huhitaji shahada ya uzamili katika eneo linalohusiana na utafiti anaokusudia kuufanya, pamoja na andiko dhana linaloeleza tatizo la utafiti, malengo, maandiko yaliyotangulia na mbinu za kukusanya taarifa.

Aliyesoma nje ya nchi, hata kama ni katika nchi jirani za Kenya au Uganda, anapaswa kuomba utambuzi wa tuzo yake TCU. Vyeti vya sekondari vilivyotolewa na mabaraza ya mitihani ya nje huombewa ulinganifu Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Kazi hiyo huchukua muda, kwa kuwa taasisi iliyotoa cheti huweza kuulizwa. Ni busara kuianza miezi kadhaa kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Nyaraka za kuambatisha

Nyaraka zinazohitajika mara nyingi ni hizi:

- cheti cha shahada ya kwanza na hati ya matokeo ya miaka yote ya masomo;
- vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au stashahada kwa aliyepitia njia hiyo;
- cheti cha kuzaliwa;
- wasifu wa mwombaji unaoonesha elimu, kazi na mafunzo aliyopata;
- barua za wadhamini wawili au watatu, hasa wahadhiri waliomfundisha na msimamizi wake wa kazi;
- barua ya mwajiri kwa aliye kazini;
- andiko dhana, pale linapotakiwa.

Tofauti ya majina ni kasoro inayojitokeza mara kwa mara. Mwalimu aliyeolewa na kuchukua jina la mume, au ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha kidato cha nne na cheti cha shahada, anapaswa kuambatisha hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyepoteza cheti cha sekondari huanza kwa kutoa taarifa ya upotevu polisi, kisha hufuata utaratibu uliowekwa na NECTA. Kopi zinazotakiwa kuthibitishwa zipelekwe kwa wakili au hakimu na zigongwe mhuri, huku vyeti halisi vikiwepo kwa ajili ya kulinganishwa.

Uhalali wa vyeti ni jambo lisilo na nafasi ya majaribio. Katika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais mwezi Aprili 2017 mjini Dodoma, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Chuo kinapogundua udanganyifu hata baada ya mwanafunzi kuhitimu, kinaweza kumnyang'anya tuzo.

Barua za wadhamini na maelezo binafsi

Mdhamini mwema ni yule anayeifahamu kazi ya mwombaji. Barua ya mhadhiri anayekumbuka jinsi mwombaji alivyofanya utafiti wake wa shahada ya kwanza huwa na uzito kuliko barua ya kiongozi mwenye cheo kikubwa asiyeweza kusema lolote mahususi. Mwombaji ampelekee mdhamini wasifu wake, jina la programu na tarehe ya mwisho mapema, kisha amkumbushe kwa adabu.

Pale chuo kinapotaka maelezo ya sababu za kuomba, yaandikwe kutokana na kazi yenyewe. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi, aliyeona jinsi wanafunzi wanavyotaabika kuhama kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari, tayari ana swali la utafiti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inayoweka elimu ya lazima ya miaka 10, pamoja na mitaala iliyoboreshwa, imefungua maswali mengi yanayohitaji watafiti walio karibu na shule.

Ruhusa ya mwajiri

Kudahiliwa na chuo hakumpi mtumishi wa umma haki ya kuondoka kituoni. Mwalimu wa shule ya Serikali Tanzania Bara huandika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia kwa mkuu wa shule na ofisa elimu wa idara yake. Barua hiyo iambatishwe barua ya udahili na ioneshe jina la programu, muda wa masomo na anayegharamia. Kwa upande wa Zanzibar, walimu wa Serikali hufuata utaratibu wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali.

Ni vema mwalimu amjulishe mkuu wake wa shule nia ya kusoma hata kabla ya kudahiliwa, ili iingizwe katika mpango wa mafunzo wa mwajiri. Anayeondoka bila kibali cha maandishi, kwa kutegemea ahadi ya mdomo, hujiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa utoro kazini, ambao ni kosa la nidhamu linaloweza kumfukuzisha kazi. Masomo ya jioni, ya likizo au ya masafa nayo yatolewe taarifa, kwa kuwa mitihani na vipindi vya ana kwa ana huweza kugongana na ratiba ya shule. Mwalimu wa shule binafsi asome mkataba wake wa ajira na apate makubaliano kwa maandishi.

Gharama na ufadhili

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua kati ya miezi 18 na 24. Mwombaji apige hesabu ya muda wote huo. Mbali na ada ya masomo, kuna usajili, mitihani, vitabu, usafiri, malazi, ukusanyaji wa taarifa za utafiti, uchapaji na ufungaji wa tasnifu. Wanafunzi wengi hulipa ada ya mwaka wa kwanza bila shida, kisha hukwama katika hatua ya utafiti kwa sababu hawakuitengea fedha.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, huchapisha mwongozo unaobainisha makundi yanayostahili kila mwaka. Mwombaji wa uzamili asidhani kwamba masharti ya shahada ya kwanza ndiyo yatakayotumika kwake. Wakazi wa Zanzibar wafuatilie pia matangazo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Ufadhili wa Serikali za nchi rafiki hutangazwa kupitia wizara zenye dhamana ya elimu.

Kutuma maombi na kujihadhari na matapeli

Maombi hutumwa moja kwa moja kwa chuo kupitia mfumo wake wa udahili wa mtandaoni. Kwa vyuo vya umma, ada ya maombi hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo huo, ama benki au kwa simu. Hakuna ofisa wa udahili anayepaswa kupokea fedha katika namba yake binafsi ya simu. Anayeahidi nafasi kwa malipo ya pembeni aripotiwe chuoni na katika kituo cha polisi.

Mwombaji atumie anuani ya baruapepe anayoifungua mara kwa mara, atunze risiti, ahifadhi nakala ya fomu aliyoijaza na asisubiri siku ya mwisho, wakati mtandao huelemewa. Akidahiliwa na zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja na kuvijulisha vingine. Akikataliwa, ana haki ya kuuliza sababu kwa maandishi. Mara nyingi jibu huwa ni nyaraka pungufu, jambo linalorekebishika katika dirisha linalofuata.

Baada ya kudahiliwa

Mwanafunzi afike kusajiliwa akiwa na vyeti halisi, kwa kuwa udahili hukamilika baada ya kuhakikiwa. Wakati wa utafiti atahitaji barua ya utambulisho ya chuo, ambayo huiwasilisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilayani na kwenye halmashauri kabla ya kuingia shuleni kuhoji walimu au wanafunzi. Atakapohitimu, awasilishe kwa mwajiri nakala ya cheti iliyothibitishwa ili iwekwe katika jalada lake. Shahada isiyo katika kumbukumbu za utumishi haiwezi kuzingatiwa katika upangaji wa majukumu wala katika muundo wa utumishi.

Wananchi wanashauriwa kupata taarifa za udahili kutoka TCU na katika vyuo vyenyewe, na kuwasiliana na ofisa elimu wa halmashauri kwa maswali yanayohusu ruhusa ya masomo.