Gazeti la Azusa na Safari za Uamsho
Uamsho wa Kipentekoste, yaani mwamko wa Wakristo walioamini kwamba kunena kwa lugha ni ishara ya ubatizo wa Roho Mtakatifu, ulipopamba moto katika Mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William Seymour, mwana wa watumwa walioachwa huru, gazeti la kurasa 4 lililogawiwa bure ndilo lililoutangaza mbali. Mchungaji Mmethodisti T. B. Barratt alilisoma akiwa New York akitafuta michango na, bila kufika Azusa, akaandikiana barua na waumini wa huko, kisha akaupeleka uamsho Kristiania, Oslo ya leo, ambako kasisi Mwanglikana Alexander Boddy aliufuata mwaka 1907 na kuufikisha Sunderland. Gazeti lilipohamishiwa Portland mwaka 1908, pamoja na orodha za wasomaji, Seymour alinyang'anywa sauti yake, pigo zito kuliko linavyosimuliwa kwa kawaida.