Mabaniani wa Unguja na Wake Waliobaki Kutch

Dada yetu aliyeolewa Mwankoko, Singida, ametuuliza: Je, Mabaniani wote huabudu miungu mingi sawasawa?

Hapana. Zama za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa Jairam Shivji, mfanyabiashara wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, Uhindini. Wabhatia wengi walifuata njia ya Vallabha (1479–1531), inayomweka Krishna juu ya wote. Kila siku humhudumia kwenye sanamu yake kwa chakula, mavazi na nyimbo, kama mtoto mpendwa wa nyumbani.

Sisi tumeshika tauhidi, na sanamu hatuna. Lakini kumjua jirani si kufuata dini yake.

Iko na ibra. Kwao kuvuka bahari kulihofiwa kutia najisi. Basi kwa miaka mingi waume walikuja huku peke yao, wake wakabaki Kutch. Ndoa wanayo, mume hawamwoni.

Bi harusi, kabla hujapakwa hina, ulizeni: baada ya nikaha tutakaa wapi, na pamoja? Kuuliza si utovu wa haya.