Madaraja ya watembea kwa miguu ya Prabhadevi

Madaraja ya watembea kwa miguu ya Prabhadevi ni vivuko vya juu katika kituo cha reli cha Prabhadevi, jijini Mumbai, Uhindi. Hadi mwaka 2018 kituo hicho kiliitwa Elphinstone Road. Kipo kwenye Reli ya Magharibi, na kando yake kuna kituo cha Parel cha Reli ya Kati. Abiria wanaobadili treni huvuka kwa daraja.

Zamani eneo hilo lilijulikana kwa viwanda vya nguo. Baada ya viwanda kufungwa, mahali pake palijengwa ofisi nyingi. Abiria waliongezeka, lakini daraja lilibaki lilelile jembamba.

Asubuhi ya tarehe 29 Septemba 2017 mvua kubwa ilinyesha. Watu walisimama darajani na kwenye ngazi ili kujikinga, huku treni zikiendelea kushusha abiria wengine waliopanda ngazi hizohizo. Katika msongamano huo watu 23 walikufa na wengine zaidi ya 30 walijeruhiwa.

Baada ya maafa hayo serikali ililikabidhi Jeshi la Uhindi kazi ya kujenga daraja jipya. Wahandisi wa jeshi walitumia daraja la aina ya Bailey, ambalo huunganishwa kwa vipande vya chuma vilivyotengenezwa tayari. Walijenga pia madaraja kama hayo katika vituo vya Currey Road na Ambivli. Yote matatu yalifunguliwa Februari 2018, miezi mitano tu baada ya maafa.