Kiatu kisipotosha, nani alipe nauli ya kukirudisha?

Miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara mmoja wa viatu hapa Nairobi aliniomba nimtengenezee duka la mtandaoni. Nilijivunia ile kazi: picha safi, kikapu cha ununuzi, malipo kwa simu. Wateja wakaanza kupiga, na karibu wote waliuliza swali moja: "Na kisiponitosha je?" Sikuwa na jibu. Kule Gikomba unavua chako, unasimama juu ya kipande cha katoni, unajaribu. Kikikubana unamrudishia mwenyewe na kuendelea na safari. Programu yangu haikuwa na hicho kipande cha katoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya Zappos ya Marekani, maana wao walilijibu swali hilo mapema.

Mwaka wa 1999 Nick Swinmurn alizunguka madukani San Francisco akitafuta viatu vya Airwalk. Akipata rangi, saizi hakuna; akipata saizi, rangi siyo. Akafungua tovuti ya viatu, ambayo baadaye iliitwa Zappos, kutokana na neno la Kihispania zapatos, yaani viatu. Wawekezaji walicheka: nani atanunua kiatu asichokijaribu? Yeye akawaonyesha kwamba soko la viatu Marekani lilikuwa la dola bilioni 40 kwa mwaka, na asilimia 5 tayari iliuzwa kwa katalogi za posta. Tony Hsieh, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameuza kampuni yake ya LinkExchange kwa Microsoft mwaka wa 1998 kwa dola milioni 265. Akaweka pesa zake humo, kisha akaja kuiongoza kampuni mwenyewe.

Jibu lao lilikuwa kulipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Mteja angeweza kuagiza saizi mbili za kiatu kilekile, akatembea nazo sebuleni kwake, akabaki na moja na kurudisha nyingine bila kutoa hata senti. Muda wa kurudisha baadaye ukafika siku 365.

Lakini tusidanganyane, bure peke yake haijengi duka. Boo.com ya London, iliyouza mavazi na viatu vya kisasa, ilifunguliwa Novemba 1999, nayo pia iliruhusu wateja kurudisha bidhaa bure. Kufikia Mei 2000 ilikuwa imeanguka baada ya kuteketeza takriban dola milioni 135. Tovuti yao ilijaa Flash na JavaScript wakati watu wengi walitumia modemu za simu. Ukurasa ulifunguka polepole mno, mteja akachoka kabla hajaona kiatu.

Zappos nao walikuwa na shida yao. Mwanzoni hawakuwa na ghala. Agizo lilipelekwa kwa kampuni ya viatu, nayo ikamtumia mteja moja kwa moja. Habari za bidhaa zilizopo zilichelewa kufika, kwa hivyo mteja alilipia kiatu kumbe kimekwisha. Mwaka wa 2003 wakaacha mtindo huo kabisa, ingawa uliwaletea karibu robo ya mauzo. Viatu vyote vikawa vinatoka katika ghala lao la Kentucky, karibu na kituo kikuu cha ndege za UPS mjini Louisville. Programu ya ghala waliiita WHISKY. Kila jozi ilikuwa na namba yake ya pekee, hivyo ungeweza kuiweka kwenye rafu yoyote yenye nafasi na tarakilishi ikakumbuka ilipo. Hapo ndipo ahadi ya bure ilipopata miguu.

Pesa zilitoka wapi? Hsieh alieleza wazi kwamba fedha ambazo wengine wangezimwaga kwenye matangazo, wao waliziweka kwenye usafirishaji na huduma ya simu. Takriban asilimia 75 ya maagizo yalitoka kwa watu waliokwisha kununua hapo awali. Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 1.6 mwaka wa 2000 hadi zaidi ya bilioni moja mwaka wa 2008. Jambo lililonishangaza zaidi: wakuu wake walisema waliorudisha viatu vingi zaidi ndio pia waliotumia pesa nyingi zaidi. Mimi ningewaona kama hitilafu na kuwafungia akaunti!

Amazon ilijaribu kushindana nao. Mwaka wa 2007 ilifungua Endless, duka la viatu na mikoba lililofikisha mzigo kesho yake bila malipo. Mwaka wa 2009 ikaamua kuinunua Zappos kwa takriban dola bilioni 1.2, na mwaka wa 2012 ikaifunga Endless.

Gharama hizo bado zinauma. Zara ilianza kutoza marejesho ya posta Uingereza mwaka wa 2022, na H&M ikafuata mwaka wa 2023.

Nilirudi kwa yule mfanyabiashara wangu. Tulikubaliana kwamba mtu wa bodaboda abebe saizi mbili na asubiri langoni mteja akijaribu, nauli yote iwe juu ya duka. Kwenye programu niliongeza safu moja tu katika jedwali la maagizo: saizi ya pili. Swali lile la simu likapungua, na majina yaleyale yakaanza kujirudia kwenye jedwali.