Misalaba ya Shaba na Wazee Wetu

Aingiaye katika nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi, iliyoanzishwa na Bwana Francis Cabu mwaka 1937, ataona humo kazi za kale za Katanga, na kati yake misalaba ya shaba. Wakristu wengi wakiiona huuliza: Je, wazee wetu walimjua Kristu mbele ya mapadri kufika?

Tujibu kwa historia. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Nenquin na Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1974 Pierre de Maret aliendelea na kazi hiyo. Ikajulikana kwamba misalaba ilianza kuwekwa makaburini yapata karne ya 13 au ya 14. Nao Wareno walifika kwenye mlango wa mto Kongo mwaka 1482. Basi, alama ile haikutoka kwa wakristu.

Ilikuwa nini basi? Makaburi yenyewe yajibu. Hapo kwanza msalaba ulikuwa mkubwa, na mfu alilazwa na mmoja tu juu ya kifua: ni heshima yake. Baadaye ikawa midogo na mingi, ya kipimo kimoja, karibu na mikono na kiuno. Kwa hiyo wataalamu wanafikiri iligeuka feza. Tena, huko Sanga hakuna machimbo ya shaba. Ilitoka mbali kusini, kwa wafua mukuba, wale ambao Monseigneur de Hemptinne, mkubwa wa misioni ya Wabenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926. Kumbe watu wa ziwa na watu wa machimbo walifanya biashara zamani sana!

Lakini tuangalie neno moja. Msalaba uliofukuliwa ovyo na kuuzwa ni bubu. Ulikuwa juu ya kifua ao mkononi? Ulikuwa peke yake ao pamoja na mingine? Hakuna awezaye kusema tena.

Kwa hiyo, ndugu wanaseminari, mkitumwa misioni, na mkulima akagusa chungu ao shaba kwa jembe lake, mwombeni akiache mahali pake, nanyi mpashe habari watu wa makumbusho. Tusiwabatize wazee wetu kwa uongo, wala tusiiite kazi yao takataka za kipagani. Tuwaachie nafasi waseme wenyewe.