Lamu: Mji na Saa Zake za Maji

Mnamo mwaka 1812 hivi, vyombo vilivyojaa wapiganaji wa Pate, kisiwa jirani, na wa akina Mazrui, watawala wa Mombasa, vilifika ufukwe wa Shela, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Lamu. Walikuja kuutia mji huo mkononi. Watu wa Lamu, wakiongozwa na Bwana Zahidi Mngumi, waliwatokea mchangani, na vita vikawageukia wavamizi. Walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimepwelewa. Maji yalikuwa yametoka, na jahazi lililoketi juu ya mchanga halisukumwi na watu wanaofukuzwa kwa panga na mikuki. Wengi waliuawa palepale, hatua chache kutoka kwenye vyombo vilivyowaleta.

Ushindi ule ulibadili siasa za pwani nzima. Lamu, ikihofia kisasi cha Mombasa, ilimwomba Sayyid Said bin Sultan wa Oman ulinzi. Akatuma liwali na askari. Ngome ya Lamu ikakamilika mwaka 1821, na katika miaka iliyofuata mji ukaipita Pate kwa biashara na utajiri. Mwaka 1837 Said aliwashinda Mazrui na kuitwaa Mombasa yenyewe. Sababu za kupanda kwa Busaidi, ukoo wa Said, katika Afrika Mashariki ni nyingi, lakini mlango mmoja waliopitia ulifunguliwa Shela, siku ambayo wageni walisahau kuhesabu maji.

Wenyeji hawakuweza kusahau, kwa sababu hapana kazi Lamu isiyopangwa na maji.

Bahari hiyo hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Dunia inapomaliza mzunguko wake, mwezi nao huwa umesogea, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake huungana na ule wa jua, likaja bamvua: tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo Lamu hufika karibu mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1.

Jambo linalomfaa zaidi mtu wa visiwani ni kwamba saa hizo hujirudia. Wakati wa bamvua, maji hujaa karibu saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4 au saa 5, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka, kujaa kukawa saa 4 au saa 5. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo anayejua kuwa leo ni tarehe mosi au tarehe 15 anajua pia kwamba kesho asubuhi miamba itakuwa wazi. Kalenda ileile inayotangaza Ramadhani na Maulidi ndiyo inayomwambia nahodha wakati wa kung'oa nanga.

Asubuhi hizo za bamvua zina wenyewe. Katika visiwa vya Lamu na Pate, wanaume, wanawake na watoto huteremka miambani na michokoo kutafuta pweza kwenye mapango yao, wengine huokota kome na chaza. Saa walizo nazo ni mbili au tatu tu, kwani bahari ikianza kurudi hurudi kwa kasi. Kwenye maji ya kina kifupi kuna wavuvi wenye nyuzio, yaani maboma ya fito yaliyosimikwa kwenye tope. Samaki huingia maji yakijaa. Yakipwa, hubaki ndani, na mwenye uzio huja kuwatoa kwa miguu.

Hata kutembea kuna saa zake. Kati ya mji wa Lamu na Shela ni kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni. Maji yakiwa yametoka, watu, punda na mizigo hupita mchangani bila taabu. Yakijaa, bahari hufika hadi kwenye kuta na vichaka, na mpita njia huchagua kuloa, kuzunguka kwa ndani au kupanda mashua. Vilevile kwa Takwa, mji wa mawe uliohamwa katika Kisiwa cha Manda, wenye msikiti wake wa Ijumaa na kaburi la nguzo la karne ya 17. Chombo hufika huko kwa kupita kijito katikati ya mikoko, na kijito hicho hupitika maji yakiwa juu. Mgeni anayekawia kwenye magofu hulazimika kungoja hadi bahari irudi.

Kwa wakaaji wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, katika Kisiwa cha Pate, sheria hiyo imekuwa nzito zaidi. Njia yao ya kwenda Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Kwa vizazi vingi, chombo kilichochelewa Mkanda kililazimika kukaa juu ya tope na abiria wake hadi maji yajae tena, saa sita baadaye. Njia nyingine ilikuwa kuizunguka Manda kwa nje, kwenye bahari kuu, jambo ambalo wakati wa kusi si la mashua ndogo yenye watoto na wazee. Wafanyabiashara, wanafunzi na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali ya Lamu walikutana na mlango uleule. Ndiyo maana kuchimbwa kwa Mkanda kukawa miongoni mwa mambo ambayo watu wa visiwani waliyadai kwa nguvu zote.

Mji wa Pate wenyewe una fumbo lake. Vyombo huufikia maji yakiwa makubwa tu. Vinginevyo abiria hushushwa kwenye gati la Mtangawanda na kumaliza safari kwa miguu. Dola iliyowahi kutawala sehemu kubwa ya visiwa hivi ilikaa mahali ambapo adui hawezi kuingia saa yoyote aipendayo. Kinga hiyo hiyo iliwabana wafanyabiashara wake, na Lamu, yenye mkondo wa maji marefu kati yake na Manda, ikapata nafasi.

Maji yaliyomfunga msafiri yalimlisha fundi. Pwani ya Lamu haikuhitaji chelezo cha mawe wala mashine ya kunyanyulia meli. Jahazi huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, hufungwa, na bahari inapoondoka hubaki limeegemea magadi. Mafundi wana saa chache za kukwangua mwani na kome, kukalafati nyufa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kupaka deheni ya chokaa na shahamu sehemu inayokaa majini. Kazi ikiwa kubwa, chombo hupandishwa kwenye kilele cha bamvua. Maji mafu hayawezi kukifikia, kwa hiyo mafundi hupata takriban siku 14 hadi bamvua lingine lije kukielesha. Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, hadi leo inajulikana kwa kazi hiyo, na watoto hujifunza kwa kushika patasi kando ya baba zao.

Mtepe, chombo kilichokuwa fahari ya visiwa hivi, uliumbwa kwa ufuko wa aina hii. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe ulivuja, mabaharia wakafua maji bila kupumzika, lakini ulipoketi mchangani ubavu wake ulinyumbuka badala ya kupasuka. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Makumbusho ya Lamu yamehifadhi mfano wake.

Biashara kubwa ya Lamu nayo ilitoka kwenye tope. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu, na mikoko huota mahali panapofunikwa na kufunuliwa na bahari kila siku. Wakataji huingia vijitoni maji yakijaa, hukata yanapokuwa yamekupwa, kisha hungoja yajae tena ili wapakie. Boriti zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zilipelekwa Arabuni na Ghuba kuezekea nyumba za nchi zisizo na miti. Majahazi yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za Lamu wenyewe umetokana na urefu wa boriti. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na mwaka 2018 amri ya kusimamisha ukataji wa miti nchini iliwagusa tena wakataji, ambao wengi hawakuwa na shamba wala mshahara mwingine.

Mji wenyewe umesogezwa na watu kuelekea baharini. Ngome ilipojengwa ilikuwa ukingoni mwa maji. Kadiri karne ya 19 ilivyoendelea, wenyeji walijaza taka na vifusi ufukweni, wakajenga mbele, na barabara ya ndani, Usita wa Mui, ikabaki nyuma ya safu mpya ya nyumba. Leo kati ya ngome na bahari kuna majumba na barabara ya pwani ambayo punda hupita na mizigo ya mawe, mchanga na saruji. Mawe mengi ya ujenzi huchongwa Manda Maweni na kuvushwa kwa mashua. Mji huu, uliokaliwa kwa zaidi ya miaka 700 bila kukatika, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Na katika mabamvua makubwa zaidi ya mwaka, yale ya karibu na Machi na Septemba, bahari hudai ardhi yake ya zamani kwa kupanda hadi barabarani.

Tarehe 26 Desemba 2004 maji hayo yaliwapa watu wa pwani bahati kubwa. Tetemeko la Sumatra lilitokea kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, na mawimbi ya tsunami yakafika Kenya mchana. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu, yaani siku ya bamvua, na katika saa hizo bahari ilikuwa bado chini. Mawimbi yalikuta ufuko mpana mtupu wa kupandia. Yangefika saa 10 jioni, yangepanda juu ya maji makubwa, na habari ya mbele ya mji wa Lamu ingekuwa nyingine.

Sasa umekuja ujenzi usiongoja bahari ijae wala ipwe. Bandari mpya ya Lamu, katika Ghuba ya Manda, ilianza kazi Mei 2021 kwa gati lake la kwanza. Kina chake kimechimbwa hadi mita 17.5, na meli ya makontena huingia bila kujali mwezi. Uchimbaji huo ulipita juu ya maeneo ya uvuvi ya watu wasio na vyombo vya kwenda mbali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Uamuzi huo una uzito unaopita fedha: mahakama ilikubali kwamba haki ya jadi ya kuvua katika maji hayo ilistahili kulindwa.

Wakati huohuo, mashua za Mokowe, upande wa bara, za Shela na za uwanja wa ndege wa Manda huendelea kubeba abiria kutoka kwenye ngazi zilezile. Maji yakijaa, mtu hupiga hatua moja akawa chomboni. Yakipwa, hushuka vidato vyenye mwani unaoteleza, na hapo ndipo mama mjamzito, mzee mwenye bakora na mtoto wa shule hupata taabu wasiyostahili. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapa jedwali la maji kila mwaka, na manahodha wanayo hesabu yao ya tarehe za mwezi. Hesabu hizo mbili huafikiana. Mhandisi anayepewa kazi ya kujenga gati katika visiwa hivi ana kila sababu ya kuzifungua zote mbili, kukaa na manahodha hao, na kupima ngazi zake saa 5 asubuhi, siku ya bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa.